Kuipiga Picha Kanzidata Inayokimbia

Kila mwisho wa mwezi, saa saba usiku, seva yetu pale Kinondoni huanza kukokotoa riba. Hupita mkopo mmoja mmoja: wa muuza mitumba wa Mchikichini, wa mama lishe wa Mbagala Rangi Tatu, wa fundi cherehani wa Tandika. Kila mmoja huandikiwa salio jipya. Kazi hiyo huchukua kama saa mbili, na ndani ya saa hizo karibu kila ukurasa wa jedwali letu kubwa kuliko yote huguswa.

Usiku mmoja wa namna hiyo nilikaa mbele ya kioo nikiangalia asilimia ya nafasi iliyojaa inavyopanda: 62, 71, 84, 93. Ilipofika 100, bakapu yangu ya usiku ule, yaani nakala ya akiba, ikafa palepale, kimya kimya. Kanzidata yenyewe haikutikisika, wala hakuna mteja aliyejua. Lakini kinga niliyoitegemea haikuwepo tena, na niliona tu kwa sababu nilikuwa macho. Usiku mwingine ningekuwa nimelala Kimara, na asubuhi ningepanda mwendokasi kuja kazini nikiamini tuko salama.

Nafanya kazi kwenye taasisi ya mikopo midogo. Jina lake haliongezi kitu kwenye habari hii. Kanzidata yetu, yaani hifadhi ya taarifa zetu zote, inaendeshwa na programu ya MySQL, kwa InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, juu ya mfumo wa Linux, na inakaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya usafi, siku hizi kina viyoyozi viwili na mlango wa chuma. Ina gigabaiti 900 hivi. Ndani yake kuna miaka kumi na moja ya marejesho: kila elfu mbili na kila elfu tano ya mtu aliyesimama juani kutwa nzima. Stakabadhi za karatasi zilishafifia kwenye pochi zao zamani. Ushahidi uliobaki kwamba mtu amelipa ni mstari mmoja kwenye jedwali letu. Mstari ule ukipotea, yeye ndiye atakayeambiwa hajalipa. Naandika makala hii nikiwa na hilo moyoni.

Kwa miaka mingi bakapu yetu ilikuwa mysqldump. Ni programu nzuri, na kwa kanzidata ndogo bado ningemshauri mtu aanze nayo. Inasoma majedwali yote na kuyaandika upya kama faili moja refu la amri, ambalo ukiliendesha sehemu nyingine linaijenga kanzidata upya kuanzia msingi. Kanzidata ilipokuwa gigabaiti 40, kazi ilianza saa sita usiku na kwisha kabla ya saa saba. Ilipofika 300 ikawa inakwisha alfajiri. Ilipofika 700 ilikuwa bado inaendelea saa nne asubuhi, wakati matawi yote yameshafunguliwa na foleni zimeshapangwa.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza kushikana. Ili dump, yaani lile faili refu, iwe na picha moja iliyotulia, mysqldump hufungua muamala mmoja mrefu, na muda wote ambao muamala huo uko wazi, InnoDB hailazimiki tu kuandika mambo mapya, inalazimika pia kutunza sura ya zamani ya kila mstari uliobadilika. Baada ya saa kumi, rundo la sura za zamani linakuwa kubwa na maulizo ya kawaida yanaanza kuburuta. Meneja wa tawi la Temeke alikuwa akinipigia kila asubuhi: "Kaka, mfumo leo mzito." Na kila asubuhi nilikuwa najua sababu.

Lakini kilichonitoa usingizini kilikuwa urejeshaji. Siku moja tulijaribu kulirudisha lile faili kwenye seva tupu, tuone. Tulianza Ijumaa usiku. Jumamosi usiku bado lilikuwa linajenga faharasa za jedwali la pili. Lilimaliza Jumapili alfajiri, baada ya saa 31. Nilimwandikia bosi wetu hivyo hivyo, bila kupamba: seva ikifa Jumatatu asubuhi, matawi yatafunguliwa Jumanne mchana, tukibahatika. Mzee alisoma, akaniita ofisini. "Kijana, mtu anayerejesha elfu tatu kila siku, siku mbili hizo anamlipa nani?" Sikuwa na jibu. Niliomba nipewe mwezi mmoja.

Njia niliyoichagua ni ya kupiga picha mfumo wa faili wenyewe. Sisi wa kazi hii tunaiita snapshoti, nami nitachanganya majina yote mawili.

Nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu nimekutana na wengi wanaoitumia bila kujua kilichomo ndani, na makosa yote niliyoyafanya mimi yalitoka hapo. Chukua daftari la madeni la duka la Mangi. Lina kurasa mia tatu, na wateja hawaachi kuja: huyu anakopa sukari, yule anapunguza deni. Unataka nakala ya daftari lilivyokuwa saa kumi kamili alfajiri. Ukianza kunakili ukurasa kwa ukurasa, ukifika wa mia mbili ule wa kwanza umeshabadilika, na nakala yako inakuwa mchanganyiko wa saa tofauti, daftari ambalo halijawahi kuwepo. Ukimwambia Mangi afunge duka mpaka umalize, atakufukuza. Basi mnakubaliana hivi: kuanzia saa kumi kamili, kila Mangi anapotaka kufuta kitu kwenye ukurasa kwa mara ya kwanza, anakili kwanza ukurasa ule ulivyokuwa kwenye karatasi ya pembeni, kisha aendelee. Wewe unayenakili, kwa kila ukurasa unaangalia kwanza kwenye karatasi za pembeni. Ukiukuta huko, soma huko. Usipoukuta, maana yake haujaguswa, usome kwenye daftari lenyewe. Utakachopata ni daftari zima lilivyokuwa saa kumi, hata ukimaliza saa moja asubuhi, na duka halikufungwa hata dakika moja.

Hiyo ndiyo snapshoti ya LVM, tabaka la Linux linalogawa diski. Amri ya kuipiga inamaliza chini ya sekunde moja au mbili hata kama diski ni ya terabaiti, kwa sababu wakati ule hakuna kinachonakiliwa, yanawekwa makubaliano tu.

Na katika makubaliano yale utaona mambo mawili mara moja, ukiyatafakari vizuri kabla ya kuumia. La kwanza: karatasi za pembeni zina idadi. Unapopiga picha kwa LVM ya kawaida unatenga nafasi, tuseme gigabaiti 40, ya kuwekea kurasa za zamani. Zikijaa, Mangi hana pa kunakili ukurasa unaofuata, na LVM inachagua kumlinda Mangi: daftari linaendelea, picha inabatilishwa yote. Haibaki hata nusu yake, kwa sababu picha yenye pengo moja haiaminiki. Hicho ndicho kilichotokea usiku ule wa riba. Nilikuwa nimepima uandishi wa usiku wa kawaida, nikaona hata gigabaiti 6 kwa saa hazifiki, nikatenga 40 nikajiona nimeacha nafasi ya kutosha. Sikuukumbuka usiku wa mwisho wa mwezi, ambapo kurasa mpya zilikuwa zinaguswa kwa megabaiti 10 kila sekunde. Hiyo ni gigabaiti 36 kwa saa. Zidisha mwenyewe.

LVM ina uwezo wa kuiongezea picha nafasi yenyewe inapokaribia kujaa, lakini kiwango cha kuanzia kuongeza kimewekwa 100 tangu kiwandani, na 100 maana yake ni kwamba uwezo huo umezimwa. Sisi tumeweka 70. Pia tumeihamisha saa ya kupiga picha ikawa saa kumi alfajiri, riba ikiwa imeshamaliza. Hapo napo ilibidi kuwa makini: seva inahesabu saa kwa UTC, saa tatu nyuma yetu, na juu ya hapo sisi tunaita saa kumi kile ambacho kwenye faili la kroni, linalopanga kazi za kujiendesha zenyewe, kinaandikwa 1. Niliandika maelezo kwa Kiswahili juu ya mstari ule ndani ya faili, kwa herufi kubwa, ili mwenzangu wa zamu asije akausahihisha.

La pili: ukurasa unaoguswa mara ya kwanza unagharimu zaidi. Uandishi mmoja unageuka kuwa kusoma cha zamani, kukiandika pembeni, kisha kuandika kipya. Picha ikiachwa hai mchana kutwa, kanzidata nzima inaburuta. Kwa hiyo picha inapigwa, inatumiwa, inaondolewa. Nimewahi kuitwa na rafiki wa taasisi nyingine, nikakuta picha saba zimeachwa juu ya diski moja, za siku saba, akidhani ndizo bakapu zake za wiki. Seva ilikuwa inapumua kwa shida, na diski ile moja ingekufa, ingekufa na zote saba. Karatasi za pembeni za Mangi ziko chini ya meza ileile. Duka likiungua, zinaungua nazo.

Hili nalisisitiza kwa kila kijana anayekuja kitengoni kwetu. Picha inakupa utulivu wa kunakili, na mpaka uwe umenakili kwenda mashine nyingine, bakapu huna.

Sasa swali ambalo watu wa kanzidata huuliza kwa haki: MySQL ilikuwa katikati ya kuandika wakati picha inapigwa. Nusu ya mambo yalikuwa bado kwenye kumbukumbu ya mashine, hayajafika diskini. Picha hiyo ni ya nini?

Picha hiyo ni sawasawa na diski inayokutwa baada ya umeme kukatika ghafla. Hapa Dar hatuhitaji kueleweshwa umeme kukatika ghafla. Na InnoDB imeandikwa kwa ajili ya siku hiyo. Kabla muamala haujatangazwa kuwa umekamilika, maelezo yake yanaandikwa kwenye logi inayokaa diskini. Seva ikiwaka tena inasoma logi ile, inakamilisha iliyothibitishwa, inafuta ile iliyokuwa njiani. Kurasa zake ni za kilobaiti 16, na ili ukurasa usije ukaandikwa nusu tu, huandikwa kwanza sehemu ya akiba, kisha mahali pake. Kwa hiyo ukichukua picha ukaiwashia MySQL nyingine, itadhani imetoka kwenye umeme kukatika, itajitengeneza, itasimama. Ya kwetu huchukua kati ya dakika mbili na nne.

Sharti ni moja, na mimi nililivunja. Picha lazima iwe ya sekunde ileile moja kwa kila kitu. Kwa kutafuta kasi nilikuwa nimeziweka logi za InnoDB kwenye diski yake ya peke yake, ya SSD, na data kwenye nyingine. Nikawa napiga picha mbili, moja ikifuata nyingine. Kati yake kulikuwa na pengo la sekunde moja hivi, na katika sekunde moja tawi moja tu linaweza kupokea marejesho ya watu watatu. Tulipojaribu kuiwasha, MySQL ilikataa: data ilikuwa imetangulia mbele ya logi yake yenyewe. Nilirudisha logi na data kwenye ujazo mmoja wa LVM, yaani kipande kimoja cha diski, na nikakubali kupoteza ile kasi kidogo. Wanaotumia PostgreSQL, kanzidata ya aina nyingine, wana kanuni hiyohiyo: logi yao, WAL, iwe ndani ya picha moja na data, au watumie amri ya pg_backup_start, ambayo kabla ya toleo la 15 iliitwa pg_start_backup, na watunze WAL zote za kipindi kile.

Sisi tunaongeza kitu kimoja. Kabla ya kupiga picha, skripti, yaani faili letu la amri zinazojiendesha, inaifunga kanzidata isiandikwe kwa amri ya FLUSH TABLES WITH READ LOCK, inaandika pembeni tumefika wapi kwenye logi ya miamala (hii ni logi nyingine, binlog, inayoorodhesha kila badiliko kwa mpangilio), inapiga picha, inafungua. Sekunde mbili au tatu. Kwa InnoDB ingewezekana kuishi bila kufuli hilo, ila nataka ile alama ya mahali tulipofika, na utaona faida yake. Kufuli lenyewe lina hatari: kama kuna ulizo refu linaendelea, amri inasubiri liishe, na kila anayekuja nyuma yake anasubiri naye. Ilitutokea alfajiri moja. Mama wetu wa uhasibu alikuwa ameacha ripoti ya mwaka mzima ikikimbia tangu jioni, akaenda nyumbani. Amri ya kufunga ikasimama nyuma ya ripoti, malipo ya simu yakasimama nyuma ya amri, na kwa dakika 26 hakuna shilingi iliyoingia. Asubuhi nilikwenda mezani kwake. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, nasikia ripoti yangu imeua mfumo." Haikuwa kosa lake. Ripoti ilikuwa halali na alikuwa na haki ya kuiendesha. Skripti ndiyo ilikuwa haikuangalia. Siku hizi inaangalia kwanza kama kuna ulizo lililozidi sekunde 60, likiwepo inasubiri dakika kumi, na ikishindwa mara tatu inanipigia simu.

Kuna kitu kidogo kingine kilichonila usiku mzima, nakiandika ili kisimle mwingine. Ukitumia mfumo wa faili wa XFS, kila ujazo una namba yake ya utambulisho, na picha inabeba namba ileile ya mama yake. Ukitaka kuifungua kwenye mashine hiyohiyo, Linux inakataa, maana inaona vitu viwili vyenye kitambulisho kimoja. Ongeza neno nouuid kwenye mount, amri ya kuifungua.

Baada ya hapo ni kunakili. Mtandao wetu wa ndani ni gigabiti 1 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 125, kwa hiyo gigabaiti 900 zinahitaji saa mbili kwa hesabu ya karatasi, mbili na nusu kwa uhalisia. Zinakwenda kwenye seva ya pili, upande wa pili wa jengo, yenye mfumo wa faili wa ZFS. Mfumo huu ulizaliwa Sun Microsystems na ukatolewa wazi mwaka 2005, na namna yake ya kupiga picha naipenda kuliko ya LVM. Mangi wa ZFS hafuti kamwe. Kila badiliko huliandika kwenye ukurasa mpya, kisha hurekebisha yaliyomo mwanzoni mwa daftari. Kupiga picha kwake ni kutunza ukurasa wa zamani wa yaliyomo na kutochana kurasa unazozitaja. Hakuna karatasi za pembeni za kujaa ghafla, ingawa diski nzima inaweza kujaa usipoangalia. Tunanakili juu ya nakala ya jana, tukibadilisha vipande vilivyobadilika tu, kisha tunapiga picha ya ZFS. Siku 14 za bakapu zinakaa kwenye nafasi ambayo awali isingetosha tatu.

Mtu aliniuliza kwa nini tunahangaika wakati tuna seva pacha inayofuata kila kitu kwa sekunde. Jibu lilikuja lenyewe, siku ya kazi, saa nne na dakika 42 asubuhi. Mdogo wetu mmoja kitengoni alikuwa anarekebisha namba ya simu ya mteja mmoja wa Gongo la Mboto. Aliandika amri ya kubadilisha, akasahau sharti la mwisho linalotaja ni mteja gani. Wateja wote, zaidi ya laki tatu, wakawa na namba moja ya simu. Ndani ya dakika chache simu ya mama yule wa Gongo la Mboto ikaanza kupokea ujumbe wa marejesho ya watu asiowajua, mmoja baada ya mwingine. Seva pacha ilikuwa na kosa lilelile ndani ya sekunde moja. Ilifanya kazi yake vizuri: ilifuata.

Yule kijana alikuja mezani kwangu uso umemshuka, akasema kila kitu mwenyewe, bila kuficha herufi. Nilimwambia akae karibu yangu, tutafanya wote. Tuliwasha MySQL kwenye nakala ya saa kumi alfajiri, ndani ya seva ya pili, kwa lango tofauti. Dakika tatu ikajitengeneza. Tukachukua ile alama iliyoandikwa wakati wa picha, tukaanza kuisomea logi ya miamala kutoka pale, muamala kwa muamala, tukiiambia isimame kabla kidogo ya amri ile. Yeye ndiye aliyeitafuta amri yake ndani ya logi na kunionyesha kwa kidole namba ya mahali ilipoanzia. Saa saba na robo mchana namba zote laki tatu zilikuwa zimerudi, pamoja na za wateja 19 waliosajiliwa asubuhi ileile. Kisha nikampigia mama wa Gongo la Mboto, nikamwomba radhi kwa niaba yetu, nikamwomba afute ujumbe wa watu. Alisema, "Mwanangu, nilidhani nimetapeliwa."

Kwa dump ya zamani tungekuwa bado tunasubiri mpaka kesho yake jioni.

Kila ninapoieleza habari hii naikumbuka ya GitLab, kampuni inayotunza misimbo (code) ya waandaaji programu dunia nzima. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao mmoja, amechoka, usiku, alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva pacha. Gigabaiti kama 300 ziliondoka mpaka anastuka zimebaki 4.5. Walipokwenda kwenye bakapu za kila siku walizikuta hazipo: programu ya dump ilikuwa ya toleo 9.2 na PostgreSQL yao ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila siku ilishindwa, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM iliyopigwa saa sita kabla, kwa mkono, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Walipoteza saa zile sita. Walieleza yote hadharani, kwa uwazi ambao nauheshimu sana. Ninapoisoma taarifa ile, kinachoniuma ni zile barua pepe. Watu wale walikuwa na bakapu kwenye karatasi, na hakuna aliyekuwa anaifungua kuangalia.

Seva mbili ndani ya jengo moja bado ni jengo moja, na hapa mjini masika yakichachamaa Jangwani hujaa, Barabara ya Morogoro ikafungwa, na mtu wa Kinondoni akashindwa kufika Kariakoo. Tulihitaji nakala nje ya Dar. Wengi walinishauri mawingu, yaani kukodi nafasi kwenye seva za nje ya nchi. Tulipiga hesabu: kwa laini yetu ya megabiti 100 kwa sekunde, gigabaiti 900 ni saa 20 za kupakia bila mtu mwingine kuitumia, na saa 20 nyingine za kushusha siku ya shida. Ukibana faili zinapungua, tuseme zinabaki theluthi, bado ni karibu saa saba. Kisha ikaja Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu kwa pamoja, intaneti ikasuasua nchi nzima. Nakala iliyoko ng'ambo ingekuwepo, salama kabisa, na tusingeweza kuifikia.

Kwa hiyo kila Jumamosi diski moja ndogo, ya ukubwa wa kiganja, iliyosimbwa kwa nywila ndefu, inapanda treni ya SGR kwenda tawi letu la Dodoma, ndani ya mkoba wa mmoja wetu. Inafika kabla ya laini yetu kumaliza hata robo ya kazi hiyo. Kusimba hatukuanza kwa sababu ya sheria, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imenisaidia kumwelewesha kila anayelalamikia ile nywila: ndani ya diski ile kuna majina, simu na madeni ya watu, na mkoba unaweza kuibwa.

Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi tuna zoezi. Tunachukua bakapu, mara nyingine ya seva ya pili, mara nyingine diski ya Dodoma, tunairudisha kwenye mashine tupu na tunashika saa. La mwezi uliopita lilichukua saa tatu na dakika 20 kutoka mashine tupu mpaka ulizo la kwanza kujibiwa. Halafu tunalinganisha hesabu: idadi ya mistari, jumla ya masalio, ya matawi yote. Hizo zinafanywa na skripti.

Sehemu ya mwisho hatuiachii skripti. Afisa mikopo wa Mbagala anakuwa na stakabadhi moja mkononi, ya karatasi, ya siku moja kabla ya picha, iliyotoka kwa mteja aliyekubali kutuazima. Ananipigia, ananisomea namba tu, hataji kiasi. Mimi naitafuta kwenye nakala iliyorudishwa. Safari hii ilikuwa ya mama anayeuza samaki wa kukaanga, amelipa saa kumi na mbili kasoro asubuhi ya siku moja kabla, kwa simu, kabla hajakwenda feri.

"Nimeipata," nikamwambia. "Elfu kumi na mbili na mia tano."

Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. "Elfu kumi na mbili na mia tano, kaka. Ndiyo hiyohiyo."

Kwenye dirisha jingine picha ya alfajiri ile ilikuwa bado inasubiri juu ya seva kuu, imetumia asilimia 31 ya nafasi yake. Nikaandika amri ya kuiondoa. LVM huuliza kama kweli unataka. Nikabonyeza y.